Cy Grant: Mwana wa Guyana Aliyetunguliwa Uholanzi

Usiku wa tarehe 25 Juni 1943, ndege 473 za mabomu ziliondoka Uingereza kwenda kuushambulia mji wa Gelsenkirchen, katika bonde la Ruhr, kwenye migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma na mitambo ya mafuta iliyoendesha vita ya Hitler. Kulipopambazuka, ndege 30 hazikuwa zimerudi. Moja kati ya hizo ilikuwa Lancaster namba W4827, ya Kikosi cha 103 kilichokuwa na makao yake Elsham Wolds, Lincolnshire. Ndani yake walikuwemo watu saba. Wawili walikufa. Miongoni mwa watano waliosalimika alikuwemo kijana mweusi wa miaka 23 kutoka Guiana ya Uingereza, nchi ambayo leo inaitwa Guyana. Jina lake Cy Grant, na hiyo ilikuwa safari yake ya tatu tu ya vita.

Baada ya usiku huo aliishi miaka mingine 66. Alikuwa mateka wa vita, akasomea uwakili, akawa mwigizaji, mwimbaji na mwandishi. Uzeeni akabeba kazi ambayo serikali aliyoipigania haikuwa imeifanya: kukusanya majina ya watu weusi wa Karibi waliopanda ndege zile, wakafa, wakatekwa, kisha wakasahauliwa.

Mlango wafunguliwa

Kabla ya mwaka 1939, Jeshi la Anga la Uingereza halikutaka afisa asiyekuwa na asili ya Ulaya pande zote mbili. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa waziwazi, wala haikuwa siri. Vita ilipoanza, hesabu zikabadilika. Mwezi Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba raia wa makoloni wangeweza kupewa vyeo vya uafisa kwa muda wa vita, na mwishoni mwa mwaka 1940 jeshi la anga likaanza kuandikisha watu katika visiwa vya Karibi. Wapatao 6,000 waliitikia. Wengi wao walifanya kazi za ardhini kama ufundi, udereva na uhifadhi wa stoo. Wapatao 500 walipanda ndege za kivita, na takriban theluthi moja yao hawakurudi.

Grant alizaliwa tarehe 8 Novemba 1919 katika kijiji cha Beterverwagting, kwenye pwani ya Demerara. Kijiji hicho kilinunuliwa na watu walioachiwa huru utumwani, waliochangishana fedha wakapata ardhi yao wenyewe. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Moravian, kanisa lilelile ambalo wasomaji wa Mbeya na Tabora wanalifahamu vizuri. Mama yake alifundisha muziki. Katika nyumba hiyo vitabu havikukosekana, lakini fedha za kumpeleka mtoto ng'ambo kusoma sheria hazikuwepo. Kijana alipomaliza shule alipata kazi ya ukarani katika ofisi ya hakimu. Alikuwa akinakili kesi za wengine huku ndoto ya kuwa wakili ikimponyoka.

Mwaka 1941 akajiandikisha jeshini. Miaka mingi baadaye alipoulizwa sababu, hakujivika ushujaa: alisema alitaka kuuona ulimwengu na kutoka katika maisha finyu ya koloni. Huko Uingereza alianza mafunzo ya urubani, kisha akahamishiwa kazi ya kuelekeza njia. Alifuzu, akapewa cheo cha afisa, jambo lililokuwa nadra kwa mtu wa rangi yake.

Nyuma ya pazia

Lancaster ilikuwa na injini nne na watu saba: rubani, mhandisi wa ndege, mwelekezi wa njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bombomu wawili, mmoja juu ya kiwiliwili cha ndege na mwingine mkiani. Kati ya hao, mwelekezi wa njia ndiye aliyeiona vita kwa uchache kuliko wote. Alikaa kwenye kimeza kidogo nyuma ya rubani, akazungushiwa pazia zito ili mwanga wa taa yake usiwafichue kwa adui. Mbele yake palikuwa na ramani, penseli, rula, bikari na saa. Miali ya kurunzi za adui ikipita nje, yeye hakuiona. Makombora yakipasuka, aliyasikia na kuihisi ndege ikiyumba, kisha akairudia hesabu yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Kulikuwa na chombo kilichoitwa Gee, kilichopokea mawimbi ya redio kutoka vituo vya Uingereza na kumwezesha mwelekezi kujua mahali alipo. Lakini ndege ilipoingia ndani ya bara la Ulaya, Wajerumani waliyavuruga mawimbi hayo. Hapo mwelekezi alibaki na penseli yake. Alichukua mwendo wa ndege, upande inakoelekea na nguvu ya upepo, akapiga hesabu ya mahali ambapo ndege inapaswa kuwa. Kila baada ya dakika chache alipiga hesabu upya. Upepo ukiwa umekisiwa vibaya kwa kilomita 30 kwa saa, baada ya saa moja ndege iko kilomita 30 mbali na inapodhaniwa kuwa, huenda juu ya mji wenye mizinga mingi kuliko ule uliokwepwa. Yote hayo yalifanyika mita zipatazo 6,000 juu ya ardhi, kwenye baridi kali, mtu akivuta hewa ya oksijeni kwa barakoa ya mpira.

Mtu aliyepangiwa kazi hiyo alitakiwa kumaliza safari 30 ndipo apumzishwe. Wengi hawakuzifikisha. Kati ya watu wapatao 125,000 waliorushwa na kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza katika vita nzima, 55,573 walikufa, na wengine 9,838 waliishia mikononi mwa adui wakiwa mateka. Kijana aliyeingia humo mwaka 1943 alijua kwamba uwezekano wa kufa na wa kupona ulikuwa ukikaribiana.

Shambulio la Gelsenkirchen lenyewe lilikwenda mrama. Kazi ya kuonyesha shabaha ilikuwa ya ndege 12 nyepesi aina ya Mosquito, zilizobeba mtambo wa kupokea maelekezo ya redio kutoka Uingereza. Mitambo mitano ikaharibika njiani. Alama za moto zikaanguka pasipotakiwa na mabomu yakatawanyika katika miji mingine ya Ruhr. Ndege zikageuza, zikashika njia ya kurudi kupitia Uholanzi.

Uholanzi ndiko mtego ulikokuwa. Wajerumani walikuwa wameigawa anga ya huko katika vipande, kila kipande na rada yake na ndege yake ya usiku ikizunguka kusubiri kuelekezwa. W4827 ilinaswa humo. Mpiga bombomu wa mkiani alimwona adui, milio ya risasi ikaanza, na baada ya muda mfupi injini moja ilikuwa ikiwaka. Moto ukahamia kwenye bawa. Rubani, Mkanada aitwaye Alton Langille, alijitahidi kuiokoa ndege, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Watu watano walitoka wakiwa hai kwa parachuti. Mpiga bombomu wa mkiani na mhandisi wa ndege hawakutoka salama.

Ndege iliangukia eneo la Haarlemmermeer, karibu na kijiji cha Nieuw-Vennep, kusini-magharibi mwa Amsterdam. Ni ardhi tambarare ya mashamba ambayo katikati ya karne ya 19 ilikuwa bado ziwa, kabla Waholanzi hawajalikausha. Mabaki yake yaliigonga nyumba ya mkulima, na mke wa mwenye nyumba akauawa. Mwanamke huyo hakuwa na ugomvi na mtu yeyote ndani ya ile ndege. Waliomwangukia walikuwa wametumwa kuwapiga waliokuwa wakiikalia nchi yake kwa mabavu, na kifo chake lazima kihesabiwe katika gharama za usiku ule, sawa na vifo vya wale askari wawili.

Katika kitongoji hicho alikuwepo mtoto wa miaka 11 aitwaye Joost Klootwijk. Aliyoyaona yalimkaa moyoni, na jina lake litarudi tena katika simulizi hii.

Picha gazetini

Grant alitua shambani, akiwa mzima. Wakulima walimpa hifadhi, wakamlisha. Lakini kumficha mtu mweusi mwenye sare ya Uingereza katika kijiji cha Uholanzi kilichojaa Wajerumani kulikuwa kuchezea maisha ya familia nzima. Polisi wa Kiholanzi alimkabidhi kwa Wajerumani. Akapelekwa Amsterdam, kisha Ujerumani, kwenye kituo cha mahojiano cha Oberursel karibu na Frankfurt, ambako karibu kila mwanahewa aliyetekwa alipitishwa.

Pale Oberursel mateka aliwekwa peke yake katika chumba kidogo. Kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929, alilazimika kutaja jina, cheo na namba yake tu. Waliomhoji walijua hivyo, basi wakatumia njia za kuzunguka. Wakati mwingine walileta fomu iliyodaiwa kutoka Msalaba Mwekundu, yenye maswali kuhusu kikosi, kiwanja na aina ya ndege, eti familia ipate taarifa haraka. Upweke nao ulifanya kazi yake: mtu aliyekaa siku kadhaa bila kusema na yeyote hutamani kuzungumza hata na adui.

Grant alipigwa picha. Baadaye sura yake ilichapishwa katika Völkischer Beobachter, gazeti la chama cha Nazi, ikiwa na maelezo kwamba huyu ni askari wa Jeshi la Anga la Uingereza asiyejulikana ni wa mbari gani. Ujumbe kwa msomaji wa Kijerumani ulikuwa wa dharau: Uingereza imeishiwa watu, sasa inatuma hata hawa. Miaka 63 baadaye, mwaka 2006, Grant alipoandika kitabu kuhusu vita yake, alikipa jina la maneno hayohayo ya gazeti.

Ili kuielewa hatari aliyokuwamo, yatazamwe yaliyowapata weusi wengine chini ya utawala huo. Mwezi Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka, askari wa Afrika Magharibi waliojisalimisha huko Chasselay, karibu na Lyon, walitengwa na wenzao weupe, wakauawa kwa risasi na vifaru. Na ndani ya Berlin yenyewe alikuwepo mwana wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyewahi kuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, kisha akahamia Ujerumani na kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akatupwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Wakati huo Grant alikuwa mateka katika Ujerumani hiyohiyo, akiwa hai.

Tofauti ilitokana na sare na cheo. Grant alikuwa afisa wa jeshi la anga, na kambi za wanahewa zilisimamiwa na jeshi la anga la Ujerumani, lililojua kwamba marubani wake wengi nao wako mikononi mwa Waingereza. Kuvunja mkataba kwa Grant kungeweza kulipiziwa kwa Mjerumani aliyefungwa Uingereza au Kanada. Husen hakuwa na serikali ya kumwulizia. Mateka wa Kisovieti nao, ambao Ujerumani ilikataa kuwatambulia haki za mkataba, walikufa zaidi ya milioni 3 kwa njaa, baridi na risasi.

Nyuma ya seng'enge

Kambi aliyopelekwa iliitwa Stalag Luft III, karibu na mji wa Sagan, kilomita zipatazo 160 kusini-mashariki mwa Berlin. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Żagań. Mahali pale palichaguliwa kwa makusudi. Ardhi ya juu ni ya kijivu, lakini chini yake kuna mchanga wa manjano. Anayechimba handaki na kumwaga mchanga nje anajiumbua. Mabanda yalijengwa yakiwa yameinuliwa ili walinzi wachungulie chini ya sakafu, na vinasa sauti vilifukiwa ardhini kusikiliza mchimbaji. Mateka walihesabiwa asubuhi na jioni, wakisimama kwenye mistari, iwe mvua au theluji.

Chakula cha kambi kilikuwa mkate mweusi, viazi na supu nyepesi. Kilichowaweka hai watu ni vifurushi vya Msalaba Mwekundu vyenye nyama ya kopo, biskuti, chokoleti, sigara na maziwa ya unga kutoka Kanada. Kopo la maziwa hayo lilithaminiwa hata likiwa tupu. Mateka walilikata, wakalikunja, wakatengeneza sufuria, kikombe, jiko, taa ya mafuta na hata feni ya kupulizia moto. Makopo yaliyotobolewa chini na kuunganishwa moja baada ya jingine yalitengeneza bomba refu la kupitishia hewa ndani ya mahandaki.

Bomba kama hilo lilitumika katika tukio lililoipa kambi hiyo jina ulimwenguni. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944, watu 76 walitoka kwa handaki lenye urefu wa zaidi ya mita 100 kutoka sehemu ya kaskazini ya kambi. Watatu tu, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja, walifanikiwa kufika nchi huru. Wengine 73 walikamatwa, na kwa amri ya Hitler 50 kati yao wakauawa na Gestapo, polisi wa siri wa Nazi. Habari hiyo ilipoingia kambini, mateka wote walijua kwamba ile kinga ya mkataba ina mwisho wake.

Chini ya mkataba huohuo, maafisa waliotekwa hawakupaswa kulazimishwa kufanya kazi. Siku ilikuwa ndefu, haina cha kuijaza isipokuwa kile ambacho mateka wenyewe walikianzisha. Wakaanzisha maktaba, ukumbi wa maigizo, bendi na madarasa. Mwanajeshi aliyekuwa mhasibu alifundisha uhasibu. Aliyekuwa mwanasheria alifundisha sheria. Mitihani ililetwa kupitia Msalaba Mwekundu, ikafanywa kambini, ikasahihishwa Uingereza.

Kwa Grant miaka hiyo miwili ilikuwa ya kufikiri. Aliishi na maafisa weupe kutoka pembe zote za dola ya Uingereza, wakigawana mkate uleule, na akaanza kujiuliza maswali kuhusu koloni alikotoka, utumwa uliowaleta babu zake ng'ambo ya bahari, na nafasi ya mtu mweusi katika himaya aliyoipigania. Ile ndoto ya sheria ikarudi, sasa ikiwa na kusudi la kupambana na ubaguzi.

Mwishoni mwa Januari 1945 jeshi la Sovieti lilipokaribia, Wajerumani waliamuru kambi ihamishwe kwa miguu, usiku, katikati ya theluji. Baridi ilishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mateka walitengeneza magari ya kukokota kwa mbao za vitanda, wakapakia chakula na blanketi, wakaanza kutembea kuelekea magharibi. Walilala maghalani na popote palipopatikana paa. Wengine walianguka njiani. Kundi la Grant lilipakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe huko Spremberg, likafikishwa Luckenwalde, kusini mwa Berlin, katika kambi iliyofurika maelfu ya mateka wa mataifa mengi. Tarehe 22 Aprili 1945 vifaru vya Sovieti viliwasili hapo. Hata hivyo, mateka walisubiri wiki nyingine kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao.

Mwenzake wa Freetown

Grant hakuwa peke yake. Johnny Smythe alizaliwa Freetown, Sierra Leone, mwaka 1915. Naye alikuwa mwelekezi wa njia, katika Kikosi cha 623 kilichorusha ndege aina ya Stirling, nzito na zisizoweza kupanda juu sana, ndiyo maana mizinga ya adui ilizifikia kwa urahisi. Smythe alikuwa amekwisha kuruka mara 27. Mnamo Novemba 1943, katika shambulio la Mannheim, ndege yake ilipigwa, vipande vya kombora vikamwingia mwilini. Aliruka kwa parachuti akivuja damu, akajificha ghalani. Wajerumani waliimiminia ghala hilo risasi, akatoka na kujisalimisha. Alisimulia baadaye kwamba askari wale walimkodolea macho, hawaamini kwamba mbele yao amesimama afisa mweusi.

Alifungwa Stalag Luft I, huko Barth, kwenye ufuko wa Bahari ya Baltiki. Alikuwa katika kamati iliyowasaidia wenzake kutoroka, lakini yeye hakuthubutu kujaribu. Mtu mweusi mwenye urefu unaokaribia mita mbili, alisema, asingefika mbali katika vijiji vya Pomerania. Wasovieti walipoifikia kambi hiyo mwanzoni mwa Mei 1945, afisa wao mmoja alimkumbatia na kumnywesha vodka.

Miaka mitatu baadaye Smythe alikuwemo ndani ya Empire Windrush kama afisa aliyewasimamia wanajeshi wa zamani. Meli hiyo, iliyokuwa mali ya Wajerumani hadi ilipotekwa mwaka 1945, ilishusha abiria wake Tilbury tarehe 22 Juni 1948, wakiwemo mamia ya watu wa Karibi waliokuja kutafuta kazi. Smythe akasomea sheria London, akarudi nyumbani, na hatimaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki dunia mwaka 1996.

Amani na milango yake

Grant naye alisoma sheria, katika Middle Temple, chama cha mawakili cha London, akafuzu mwaka 1950. Hapo ndipo alipokutana na ukuta. Alikuwa na sifa za uwakili, alikuwa na cheo cha jeshi, alikuwa na miaka miwili ya kifungo aliyoitumikia kwa ajili ya Uingereza, lakini ofisi za mawakili London hazikumpa nafasi. Nchi iliyomkabidhi ramani na maisha ya watu sita usiku wa manane haikumwamini na faili la mteja mchana.

Hadithi ya aina hiyo iliwapata wengine pia. Alexander Jefferson, rubani mweusi wa Marekani aliyetunguliwa kusini mwa Ufaransa mwezi Agosti 1944, naye alifungwa Sagan. Humo alitendewa kama afisa. Aliporudi New York baada ya vita, chini ya ngazi ya meli alisimama askari akiwaelekeza wanaoshuka: weupe kulia, weusi kushoto.

Grant hakukaa kulia. Alijiunga na kundi la maigizo la mwigizaji Laurence Olivier mwaka 1951, akaonekana jukwaani London na New York. Kuanzia mwaka 1957 aliimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso katika kipindi cha BBC kilichoitwa Tonight, na hivyo akawa mtu mweusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara kwenye televisheni ya Uingereza. Mamilioni ya watu waliijua sura yake. Wachache walijua kwamba mwimbaji huyo mwenye gitaa aliwahi kukaa nyuma ya pazia la Lancaster. Mwaka 1967 sauti yake ilisikika tena, akiwa Luteni Green katika filamu za vikaragosi za Captain Scarlet zilizopendwa na watoto. Mwaka 1974, pamoja na Mzimbabwe John Mapondera, alianzisha kituo cha sanaa cha Drum, London, ili wasanii weusi wapate mahali pa kujifunzia na kuonyesha kazi zao.

Orodha

Kule Uholanzi, yule mtoto wa miaka 11 alikua, lakini swali lake halikuzeeka: ilikuwa ndege gani iliyoanguka usiku ule, na ndani yake walikuwemo akina nani? Joost Klootwijk alifuatilia kumbukumbu, akaunganisha majina, akaandika kitabu kuhusu W4827 na kuwatafuta waliosalimika. Kwa njia hiyo mtu aliyeanguka kutoka mawinguni na mtoto aliyeishuhudia ndege yake wakajuana wakiwa wazee.

Utafiti huo ulizaa kazi kubwa zaidi. Mwaka 2006, Grant na Hans, mwana wa Joost, walianzisha kwenye intaneti hifadhi ya majina ya wanahewa wa Karibi waliolitumikia Jeshi la Anga la Uingereza. Hadi wakati huo hapakuwa na mahali pamoja ambapo mtu angeweza kuwapata. Majina yalikuwa yametawanyika katika mafaili ya vikosi, kwenye mawe ya makaburi, katika barua zilizohifadhiwa na wajane. Jina moja baada ya jingine, na kisiwa anakotoka mtu, kikosi chake, tarehe aliyoanguka au kambi aliyofungwa, vikaanza kuwekwa pamoja ili kila anayetaka asome. Ndugu na watoto wa askari hao wakawa wanaleta picha na tarehe zilizokosekana.

Cy Grant alifariki London tarehe 13 Februari 2010, akiwa na miaka 90. Mnara wa kumbukumbu ya wanahewa wa ndege za mabomu ulizinduliwa katika bustani ya Green Park, London, mwezi Juni 2012, miaka miwili baada yake. Uingereza ilichukua miaka 67 tangu vita kumalizika kuujenga. Orodha ya watu wa Karibi ilijengwa na mateka mmoja mstaafu na familia moja ya Kiholanzi, wakitumia muda wao wenyewe, nayo imebaki kuwa kumbukumbu inayotegemewa na watafiti.

Huku kwetu, maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliovaa sare za King's African Rifles walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma katika vita hiyohiyo. Wengi wao wamekwisha kututoka, lakini vyeti vyao vya kuachishwa jeshi, nishani na barua bado vimo katika masanduku ya familia, vikiliwa na mchwa. Msomaji mwenye babu au baba wa babu wa aina hiyo afungue sanduku, avipige picha vyeti hivyo, aandike jina kamili, namba ya askari, kikosi na kijiji alikotoka, kisha apeleke nakala katika ofisi ya nyaraka za taifa au chuo kikuu kilicho karibu naye, maadamu bado kuna mtu nyumbani anayeweza kusoma mwandiko wa barua zile na kusema ziliandikwa na nani.